Usifanye Haraka, Shemeji

Tuelewane kabla hujakaa vizuri. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na haikuwa usiku. Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii huanza na giza nene na bundi juu ya paa. Mimi sina bundi wa kukupa. Ilikuwa mchana, umeme ulikuwepo, na mkononi nilikuwa na bisibisi. Kama ningetaka kutunga uongo ningejipa nafasi nzuri zaidi ndani yake, si hii niliyopewa, ya mtu aliyekaa katikati ya jambo kubwa bila kuelewa hata chembe. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na mashahidi wapo. Wawili ni wanawake wazima wenye akili zao, na wa tatu wakati huo alikuwa bado na umri wa kula udongo.

Naishi Masasi. Nimesoma chuo kikuu, tena falsafa, na faida niliyoipata ni kwamba jamaa zangu wote huniletea redio mbovu. Kwetu ukishasoma sana, watu wanaamini umesomea kila kitu. Nimewahi kuitwa kuangalia pampu, mashine ya kusaga, na mara moja mbuzi aliyekataa kula. Kompyuta angalau nazimudu kidogo, kwa sababu ninaandikia kompyuta kuukuu ambayo inaumwa kila msimu ukibadilika, na nikiipeleka kwa fundi inarudi na ugonjwa mwingine. Nimejifunza kwa mateso.

Kwa hiyo mke wangu aliposema, "Baba Neema, Mama Zuhura wa Newala anaomba ukamwangalizie kompyuta," sikushangaa. Mama Zuhura ni rafiki yake tangu chuo cha ualimu. Walilala chumba kimoja, wakagawana sabuni, na mpaka leo wanaitana dada, ndiyo maana mimi ananiita shemeji. Mumewe alikuwa mpiga picha pale Newala, mtu wa harusi na sherehe za kuwatoa wali, yaani watoto wanaotoka jandoni na unyagoni. Sikuwahi kumwona. Kila tulipopanga kutembeleana alikuwa kwenye shughuli ya watu, kamera begani. Kisha akafa kwa ajali ya pikipiki kwenye mteremko wa kwenda bondeni. Mke wangu alikwenda msibani. Mimi nilikuwa safarini, mkoa mwingine.

"Ina nini hiyo kompyuta?" nikauliza.

"Haiwaki vizuri. Lakini nisikilize, usiende kama fundi, nenda kama ndugu. Humo ndani ndimo ilimobaki sura ya Baba Zuhura."

"Mpiga picha mzima hana picha nyingine?"

"Nani alikuwa anampiga yeye?"

 Ni kweli, nani? Hata harusi yao haikuwa na picha, kwa sababu mpiga picha ndiye aliyekuwa bwana harusi. Simu yake ilisagika kwenye ajali. Kitambulisho kilikuwa mfukoni siku ile, na kilichorudishwa hakikufaa kuonyeshwa mtoto. Kilichobaki ni video moja fupi, aliyojirekodi mwenyewe alipokuwa akijaribu kamera mpya, akaisahau kwenye kompyuta bila kuifuta. Na Zuhura alikuwa mdogo mno. Mwanzoni, mke wangu aliniambia, mtoto alikimbilia mlangoni kila ikipita pikipiki. Sasa hakimbilii tena. Mama yake aliona hilo, akashikwa na hofu. Alitaka mwanawe aione sura ya baba yake kabla haijamtoka kabisa kichwani. Hakutaka kitu kingine.

Nikapanda Newala. Ilikuwa msimu wa baridi, na kama hujawahi kufika kule juu msimu huo, amini ninavyokwambia: Masasi unaacha jua, Newala unakuta ukungu mchana kweupe, unaopanda kutoka bonde la Ruvuma na kuingia mitaani. Tena ndiyo wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya unga, kwa hiyo ukungu wenyewe unanuka salfa. Watu wanatembea wamejifunga mitandio puani, hujui nani anakimbia baridi na nani anakimbia dawa.

Aliyenipokea alikuwa Bi Somoe, mama mkubwa wa Mama Zuhura, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Masasi? Mama Neema hajambo? Pita. Vua viatu, siyo msikitini lakini nimedeki kwa maji ya kununua."

Nikavua. Kwenye nyumba zile maji si jambo la mzaha. Mvua ikikata na kisima cha chini ya nyumba kikikauka, kila ndoo ina safari yake.

Chumba cha mbele ndicho kilikuwa studio ya marehemu. Ukuta mmoja ulipakwa rangi ya bluu kwa ajili ya picha, mbele yake kikawekwa kiti. Upande wa pili meza yenye kompyuta, na kando ya meza, imepandana mpaka usawa wa kioo, mifuko ya salfa. Nikaicheka kimoyomoyo. Kule juu salfa ni kama mtoto mchanga: hailazwi nje. Inaloa, au inaibwa. Inalala sebuleni, inalala chini ya kitanda. Lakini kuilaza ubavuni mwa kompyuta?

"Nani aliiweka hapa?" nikauliza.

"Marehemu mwenyewe. Tuiweke wapi? Nje inashika maji."

Kati ya chumba hicho na vyumba vya ndani palitundikwa pazia la kitenge. Mimi ni Mkristo, mambo ya eda nayajua juu juu, kwa hiyo Bi Somoe akanielekeza kama anavyoelekezwa mtoto. Mama Zuhura alikuwa bado hajamaliza eda ya mumewe. Hatatoka. Hataonana na wanaume mpaka siku zake ziishe.

"Wewe tunakuhesabu ndugu, mtasemezana naye hivyo hivyo nyuma ya pazia," alisema. "Akiingia mwanamume mwingine, hasemi naye. Akiwa na neno atalipitisha kwako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya. Nakuachia mtoto, usimpe misumari akala." Akaingia nyuma ya pazia, nikasikia mkeka ukilia alipokaa.

"Karibu, shemeji," ikaja sauti ya Mama Zuhura. Sauti nyembamba, ya mtu aliyekwisha kulia ya kutosha. "Faili lipo hapo hapo mwanzoni, limeandikwa Kupima. Ukiliona tu, niite."

Nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ikawaka, kisha mashine ikalia pii, pii, pii, ndefu, na kioo kikabaki cheusi. Nikazima, nikawasha. Vile vile. Nikakagua nyaya, nikajaribu soketi nyingine, nikafanya yote ambayo mtu hufanya ili aonekane anajua. Mwisho nikafungua ubavu wa mashine, nikapokelewa na harufu ya kiberiti. Ndani palikuwa na vumbi la njano kila pembe, kana kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa mkorosho na imepuliziwa. Nikaichomoa ramu, kile kipande kirefu chembamba ambacho bila hicho mashine haianzi, na meno yake yaliyotakiwa kung'aa yalikuwa meusi kama ya mvuta tumbaku. Ugonjwa nikaujua. Nikaomba raba ya kufutia penseli, na nyumba ya mwalimu haikosi raba. Ikapitishwa chini ya pazia.

Nilikuwa nimeinama nasugua jino moja moja, Zuhura yuko miguuni pangu anachezea kifuniko cha skrubu, ndipo alipoingia yule mtu.

Hakupiga hodi. Hilo nililiona, nikalipa maana yake ya kawaida: ni mtu wa nyumba hii. Aliingia pamoja na ukungu, akatua dumu la maji karibu na mlango, akajinyoosha mgongo kama anavyojinyoosha mtu aliyebeba kitu kizito toka mbali. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, na ina tope jekundu.

"Salama hapa?" akasema.

"Salama. Poleni sana na msiba."

Akaniangalia kidogo. "Tunashukuru. Ndiyo hivyo tena."

Zuhura akainua kichwa. Akatupa kifuniko, skrubu zikatawanyika, akanyoosha mikono. "Baba!"

Yule mtu akamnyanyua, akakaa naye kwenye kile kiti cha mbele ya ukuta wa bluu.

Sasa wewe uliyekaa huko kwenye nafasi yako unaniona mjinga. Nakuuliza: kwenu baba ni wangapi? Huku kwetu ni wengi. Ndugu wa baba ni baba, rafiki wa baba ni baba, hata mimi watoto wa rafiki zangu wananiita baba na ninaitika. Nikajua tu kwamba huyu ni baba mdogo wa mtoto, kaja kusaidia kuteka maji kwenye nyumba ya mjane. Nikamwona mtu mwema. Nikaendelea kusugua.

Nyuma ya pazia kikaanguka kitu, kikombe nadhani. 

"Kuna usalama huko?" nikauliza.

 Aliyejibu ni Bi Somoe, lakini sauti ile ya kutiiwa ilikuwa imemtoka. "Usalama. Fanya kazi, mwanangu. Fanya tu kazi."

"Imekushinda?" yule mtu akaniuliza.

"Haijanishinda. Tunajuana tu kwanza."

"Wewe ndiye fundi wa Masasi?"

"Fundi gani. Mimi nilisoma falsafa."

"Falsafa inatibu kompyuta?"

"Haitibu. Inamsaidia fundi akishindwa asilie mbele za watu."

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kikubwa, cha mtu aliyezoea kuwachekesha maharusi wasikunje uso. Nyuma ya pazia nikasikia sauti nyingine, ya mtu anayecheka au anayelia huku ameuma nguo. Sikuweza kuitambua. Nilifikiri anakohoa, kwa ajili ya salfa.

"Nishikie tochi," nikamwambia. Akaishika, mtoto akiwa kwenye paja, na mkono wake haukutikisika. Nikamwonyesha ile ramu. "Salfa imeila. Marehemu, Mungu amrehemu, alipanga mifuko mahali pabaya."

"Hakujua," akasema. "Nani angejua? Alifikiri anailinda isiloe." Kisha akasogeza tochi. "Bado ina weusi upande huu. Sugua tena."

Nikasugua. "Na huku." Nikasugua na huku. Nilianza kuhisi ananipima. Niliangalia nje, nikaona mwanga unapungua ndani ya ukungu, nikawaza gari la mwisho la kushuka Masasi.

"Shemeji," ikaita sauti ya Mama Zuhura.

"Naam."

"Usifanye haraka."

"Gari litaniacha, shemeji."

"Utalala kwa jirani, patatandikwa. Nakuomba. Usifanye haraka."

Nilifikiri anaogopa nisiiharibu mashine, nikajisikia vibaya kidogo. Nikapunguza mwendo ili kumridhisha. Baadaye kidogo akaita tena.

"Shemeji, muulize mgeni wako kama amekula."

Nikageuka. Mtu mwenyewe alikuwa umbali wa mkono wangu na amesikia kila neno, lakini taratibu nilikwisha elezwa, na mimi ni mtu wa kufuata taratibu za nyumba ya watu. "Unaulizwa kama umekula."

Akainamisha kichwa juu ya nywele za mtoto. "Mwambie nimekula. Mwambie wali wa hitima ulinifikia."

"Anasema wali wa hitima ulimfikia."

Mama Zuhura akaongeza: "Muulize na baridi hii anaivumilia vipi."

"Mwambie huko niliko hakuna ukungu."

Nikampelekea. Nikajua basi anakaa bondeni, maana kule chini ukungu haufiki. Unaona nilivyokuwa na jibu la kila kitu? Ndiyo elimu yangu hiyo. Hakuna jambo ambalo sikuwa nimelipatia maelezo.

 Nilisikia Bi Somoe akinong'ona kitu, nikasikia "hapana" ndogo. Kisha Mama Zuhura akauliza, na sauti yake ilikatika katikati.

"Muulize, shemeji. Muulize kama yule aliyemtuma siku ile ana kosa."

Sikupenda kuingizwa kwenye ugomvi wa kifamilia. Kwenye msiba hayakosekani: mashamba, mikorosho, nani alisema nini. Lakini nikageuka nikauliza, na nilipomwona usoni nikatamani nisingeuliza. Alikuwa amemkumbatia yule mtoto kama mtu anayeupima uzito wake ili aukumbuke.

"Mwambie ndoo zilikuwa tupu," akasema taratibu. "Mtu hawezi kukaa na mtoto ndoo tupu. Aliyetuma hana kosa. Wala aliyekwenda hana kosa. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nikamwambia hivyo hivyo. Sikupunguza. Katika mambo yote niliyoyafanya mchana ule, hilo moja nililifanya vizuri.

"Sugua tena," akasema yule mtu.

"Ndugu yangu, nikisugua zaidi nitatoboa."

Akatabasamu. Nikairudisha ramu kwenye nafasi yake, nikaibana mpaka ikatoa kale kamlio ka kukaa sawa. Nikabonyeza kitufe. Mashine ikalia pii mara moja, fupi, ile ya afya, na kioo kikapata mwanga. Nilifurahi kama mtoto! Likatokea tangazo kwamba saa imepotea, betri ndogo imekufa, na tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa ya miaka ya nyuma sana, kabla hata Zuhura hajazaliwa. Nikabonyeza kuendelea.

"Imepona," nikasema.

"Imepona," akaitikia. Akamweka mtoto chini, polepole, mguu mmoja kisha wa pili. Akachukua dumu tupu lililokuwa nyuma ya mlango. Lile alilokuja nalo, lililojaa, akaliacha. "Haya. Ngoja nikateke maji."

Sikumwangalia akitoka. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo. Zuhura alimfuata mpaka mlangoni, akasimama pale, mkono juu, akiupungia ukungu.

"Shemeji," Mama Zuhura akasema. "Yupo?"

"Ametoka. Anasema anakwenda kuteka maji."

Sijui nikuelezee vipi sauti iliyofuata. Nimehudhuria misiba mingi, kilio nakijua, kina mpangilio wake, watu wanapokezana. Hiki hakikuwa na mpangilio. Pazia likavutika, mkono wa Mama Zuhura ukatoka ukingoni mwake, umekunja kitenge kwenye ngumi kama mtu anayetaka kukirarua. Na juu ya kifundo cha mkono ule palikuwa na mkono mwingine, wa kizee, umeukaza, hauuachi.

Nikachanganyikiwa. Nilifikiri ni furaha imezidi, mashine imewaka, sura ya mume inakaribia. Nikafanya jambo pekee nililolijua: nikaharakisha kutafuta lile faili. Kupima. Nikalibonyeza.

Ukatokea ukuta wa bluu, huo huo uliokuwa nyuma yangu, na kiti hicho hicho, kitupu. Mtu akapita mbele ya kamera, akaenda kukaa. Akajinyoosha mgongo. Akainua uso.

Nilikuwa nimetoka kumpa tochi anishikie.

"Moja, mbili. Moja, mbili," akasema kwenye kioo. Kisha akageuza kichwa upande wa vyumba vya ndani, akapaza sauti. "Mama Zuhura! Nasikika huko ndani?"

Kwenye spika ikaja sauti ya mwanamke, ya mbali, ya kijana, ina kicheko ndani yake: "Unasikika. Endelea." Na nyuma ya pazia, wakati ule ule, kwa maneno yale yale, bila kicheko, Mama Zuhura akajibu:

"Unasikika. Endelea."

Video ikaishia hapo.

Bisibisi sikumbuki iliangukia wapi. Nilitoka nje bila viatu, nikaita, sijui hata niliita jina gani, maana jina lake sikuwahi kuuliza. Ukungu ulikuwa umejaa uani. Hapakuwa na mtu barabarani wala mlio wa pikipiki. Niliporudi, lile dumu lilikuwa pale pale mlangoni, limejaa, na chini yake sakafu aliyodeki Bi Somoe ina duara la tope jekundu.

Bi Somoe ndiye aliyeniambia, jioni ile, tumekaa barazani kwa jirani nilipotandikiwa. Siku ya ajali maji yalikuwa yamekatika nyumba nzima, mtoto anaumwa. Mama Zuhura akasema maneno ambayo kila mke wa Newala ameyasema: unakaa na kamera, ndoo tupu. Mume akacheka, akafunga madumu kwenye pikipiki. Ngoja nikateke maji. Palikuwa na ukungu kama huu. Hakufika bondeni.

"Tulimjua alipotoa salamu tu," alisema. "Mwanangu alitaka kutoka. Nikamshika mkono. Eda ni ya huyo huyo mume, nitamfungulia vipi pazia akamwone? Na niliogopa atakwenda naye. Nikamwambia, sikiliza tu, ukivuta pazia anaondoka." Akatazama mikono yake. "Sasa tangu saa ile ananiuliza, mama, ulijuaje kwamba angeondoka? Sikujua. Nani anajua mambo hayo? Nilibuni tu."

Asubuhi nilihamisha ile video kwenye flashi na kwenye simu ya Mama Zuhura, nikashuka Masasi. Yale maji hawakuyanywa wala hawakuyapikia. Bi Somoe aliyabeba mwenyewe, akayamwagia kaburi, polepole, kama yanavyomwagwa maji kwenye mji usio na maji. Dumu la nyuma ya mlango halijarudi mpaka leo.

Ungefikiri yameishia hapo. Mtoto amepata sura, mama ameondolewa lile neno lililokuwa linamla. Mke wangu aliniambia nimefanya kazi njema, na kwa muda niliamini.

Msimu wa baridi uliofuata simu ikapigwa. Kompyuta ya Mama Zuhura haiwaki. Nikapanda. Eda ilikwisha zamani, alikuwa amerudi kufundisha, anatoka, anakwenda sokoni. Lakini nilipoingia nikakuta lile pazia la kitenge limetundikwa tena, na yeye yuko nyuma yake, ananikaribisha kwa sauti. Mifuko ya salfa, ambayo niliihamisha kwa mikono yangu, ilikuwa imerudishwa ubavuni mwa meza. Kiti kiko mbele ya ukuta wa bluu. Nikafungua mashine. Ramu haikuwa kwenye nafasi yake. Ilikuwa imechomolewa, imelazwa chini taratibu, safi, na kando yake imewekwa raba.

Nikakaa nikaiangalia. Salfa haichomoi ramu, wala haiweki raba.

"Unaionaje, shemeji?" akauliza.

"Ina weusi," nikasema. "Itachukua muda."

"Usifanye haraka."

Nikasugua kitu kisicho na uchafu mpaka jioni. Mlango ulikuwa wazi, ukungu ukaingia, ukatoka. Hakuna aliyekuja. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nilifika mahali nikaanza kuzungumza na kiti, nikikiuliza kama kimekula, ili mradi chumbani pasikike sauti ya mwanamume. Bi Somoe alipita na ndoo, akanitazama, akaenda zake.

Tangu hapo huwa naitwa kila baridi ikiingia. Naacha shughuli zangu napanda. Zuhura amekuwa mkubwa, anasoma, ana mdomo. Safari iliyopita alisimama karibu yangu akaniangalia nikisugua, akatikisa kichwa. "Baba," akasema, kama wanavyoniita watoto wote wa rafiki zangu, "wewe fundi gani, kila mwaka?" Nikataka kucheka. Lakini nyuma ya pazia nilisikia mkeka ukilia, mtu ameinuka ghafla, amesimama, anasikiliza. Kisha, baada ya kitambo, akakaa tena.

Kwa hiyo nakuonya, wewe uliyenisikiliza mpaka hapa. Kama nyumbani kwako yupo yule anayewapiga wenzake picha, mpokonye simu leo hii, umpige yeye, hata kama nywele zimekaa vibaya. Na ukiitwa kutengeneza kitu kwenye nyumba yenye msiba, akaingia mtu asiyepiga hodi, mtoto akamkimbilia, na mtu aliye nyuma ya pazia akakuomba usifanye haraka, weka bisibisi chini. Poteza skrubu. Sema huoni vizuri, sema tochi imeisha chaji, sema lolote. Acha gari la Masasi liondoke bila wewe, na uiache mashine ibaki mbovu mpaka usiku uingie.